Filomena Zappia Alivyojizibia Lango Lake Mwenyewe

Filomena Zappia alipigwa faini kwa kosa la kumzuia Filomena Zappia asitoke nyumbani kwake. Aliyezuiwa hakuwa amelalamika. Aliyezuia hakuwa na habari. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, joto la Melbourne limekaa juu ya mabati kama kuku anayeatamia, na mama wa watu alikuwa jikoni akimenya vitunguu saumu alipoona kofia ya askari wa maegesho ikipita juu ya ukuta wake mfupi. Ikasimama, ikainama, kisha ikaendelea na safari.

Alipotoka nje alikuta karatasi chini ya waipa ya gari lake. Gari lenyewe, Corolla nyeupe iliyozeeka kwa heshima, lilikuwa pale pale lilipolala tangu siku liliponunuliwa: sambamba na ukingo wa barabara, limeziba lango la banda la gari. Nani mwingine angepita lango lile? Nyumba yake, lango lake, gari lake. Alimkimbilia yule askari na kandambili zake, kisu cha vitunguu mkononi, jambo ambalo baadaye aliambiwa si vizuri kulifanya.

Askari alikuwa mgeni mtaani kwetu. Jina lake Tevita Lolohea, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mpana kama mlango wa kanisa na mpole kama waliomo ndani.

"Baba, umekosea gari," Filomena alimwambia.

"Sijakosea, mama. Umeegesha mbele ya lango. Unazuia njia."

"Namzuia nani?"

"Anayekaa nyumba ile."

"Anayekaa ni mimi."

"Basi unajizuia wewe."

"Nimekuja kwako kulalamika?"

Tevita akafikiri. Lazima tumpe haki yake, alifikiri kwa bidii mpaka jasho likamtoka. "Kanuni haingoji mtu alalamike, mama."

"Na nikijisamehe?"

Hapo Tevita akamwomba, kwa adabu zote, kwanza ateremshe kisu.

Sisi wa Mtaa wa Hobley tulicheka wiki nzima, lakini Filomena hakucheka, na alikuwa na sababu. Ili uielewe sababu hiyo inabidi umjue marehemu Vincenzo na zege lake.

Filomena alishuka melini akiwa binti, kutoka kijiji cha Calabria, kusini mwa Italia, chenye mbuzi wengi kuliko watu. Akaingia kiwanda cha soksi, akashona visigino vya taifa zima, akaolewa na Vincenzo Zappia, fundi wa zege. Vincenzo alimwaga zege kama watu wengine wanavyonyunyiza chumvi: akionja, akiongeza. Bustani ya nyuma ikawa zege. Ya mbele ikawa zege, ukitoa kipande cha nyanya na mtini mmoja uliokuwa ukitazama huku na huku kwa wasiwasi. Zege lilipokosa pa kwenda chini, likaanza kwenda juu, na hapo ndipo lilipozaliwa banda la gari. Kabla rangi haijakauka, banda likawa jiko la pili.

Kwa Wakalabria wa hapa hilo halihitaji maelezo. Jiko la ndani ya nyumba ni la wageni na picha za watakatifu. Jiko la bandani ndilo linalopika. Kulaza gari bandani ni sawa na kulaza mbuzi sebuleni: inawezekana, lakini watu watauliza umepatwa na nini. Ndani ya banda la Vincenzo kulikuwa na jiko la gesi la miguu mitatu, pipa la kuchemshia chupa, mashine ya kusaga nyanya, friza refu kama jeneza la jitu, na madumu ya kioo ya mvinyo yaliyojipanga ukutani kama kwaya. Gari lilikaa barabarani. Vincenzo alipokufa, kila kitu kilibaki kama alivyokiacha, pamoja na gari.

Na kila mwaka, Jumamosi ya mapumziko marefu ya mwezi wa tatu, ukoo wote wa Zappia ulikusanyika bandani kutengeneza sosi ya nyanya ya mwaka mzima. Walikuja na magari sita, saba, wakaegesha popote, kwa sababu popote palikuwapo. Mpaka mwaka ule wa jana halmashauri ilipopanda mlingoti mbele ya nyumba.

Mlingoti ule una vibao vinne. Cha juu kinakataza kusimama asubuhi siku za kazi, na kina mshale unaoelekea kushoto. Cha pili kinaruhusu masaa mawili, kuanzia asubuhi hadi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, mshale huku na huku. Cha tatu kinasema isipokuwa wenye kibali cha eneo la saba, herufi B, mshale kulia. Cha nne kina picha ya gari likiburutwa, bila neno lolote, kama picha ya jehanamu. Kijana mmoja wa maghorofa mapya yaliyoota mtaani, mwenye shahada mbili, alisimama chini ya mlingoti akivisoma kwa makini mpaka karatasi ya faini ikamkuta papo hapo, bado yuko kwenye mshale wa pili. Kumbe yeye hata angemaliza kusoma isingemsaidia: wakazi wa maghorofa mapya hawapewi kibali kabisa, kwa hoja kwamba wangekuwa watu wa maana wangenunua nyumba ya zamani.

Sosi ya mwaka jana, basi, ilikuwa na ladha ya faini. Na habari ya faini hii ya mwaka huu, ya kujizuia langoni, ilipomfikia mtoto wake Domenic, simu ikalia jioni hiyo hiyo.

Domenic ni fundi wa viyoyozi. Anakaa Mernda, mwisho wa reli, kwenye nyumba mpya yenye banda la magari mawili ambalo mlango wake unafunguka wenyewe ukiutazama. Ni mtoto mzuri, anampenda mama yake, na kama watoto wengi wanaopenda mama zao, anataka kumhamisha. Alimwambia mambo yamekuwa mengi. Wajomba wamechoka kulipishwa. Kama mpaka Jumamosi ya sosi hajapata njia halali ya watu kuegesha, mwaka huu nyanya ziende Mernda, banda lipo, nafasi ipo, hakuna mlingoti.

"Nyanya tu?" mama akauliza.

"Nyanya tu, mama. Nani kasema kingine?"

Filomena alikata simu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Wifi yake, Rosina, alikuwa akikaa mtaa wa tatu kutoka hapo. Sosi ya Rosina ilihamia kwa mwanawe mwaka mmoja, kwa sababu ya mgongo. Kwanza liliondoka pipa. Kisha likaondoka friza. Kisha akaondoka Rosina. Sasa pale nyumbani kwake yamesimama maghorofa, na Rosina yuko nyumba ya kulelea wazee, anakokula spageti ya kopo saa kumi na moja jioni, na kupigiwa makofi akimaliza. Filomena alijua vizuri kabisa: pipa halitembei peke yake.

Kesho yake alivaa kiatu cha kanisani akapanda tramu mpaka ofisi za halmashauri kuomba kibali. Dirishani alikuwapo dada mwenye miwani ya mnyororo, mchangamfu, wa aina ile inayokunyonga huku ikikuuliza kama kamba iko sawa. Alimuuliza kama ana gari. Analo. Kama ana banda la gari. Analo. Basi, dada akasema, gari likae bandani, kwa maana kibali ni cha wasio na banda.

Filomena alieleza kwamba gari haliwezi kukaa bandani kwa sababu bandani kuna jiko.

Dada akaacha kubonyeza kompyuta yake. "Jiko la kupikia?"

"La gesi. Zuri sana."

"Nani aliliidhinisha?"

"Mume wangu."

Akaelezwa, taratibu, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Kama ni banda la gari, hapati kibali cha kuegesha barabarani. Kama ni jiko, basi ni jiko lisilo na idhini, na watu wa kitengo cha majengo watakuja kulivunja. Filomena alishika ukingo wa dirisha akauliza jibu zuri ni lipi. Dada akasema hairuhusiwi kumshauri mkazi. Atakuja afisa kuangalia, Alhamisi ya wiki inayofuata. Afisa wa maegesho au wa majengo? Dada akatazama kioo chake, akabonyeza, akatazama tena. Imeandikwa afisa tu, akasema. Siku njema.

Filomena alirudi na kichwa kinachozunguka kama mashine yake ya nyanya, akapitia kwa jirani yake Kel Hanrahan. Kel alifanya kazi bandarini maisha yake yote, alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Vincenzo, na alikuwa na sheria yake binafsi ya maegesho: asubuhi anatoa gari, anaweka pipa la taka pale pale lilipokuwa, jioni anaondoa pipa anarudisha gari. Mtu akimuuliza, pipa linasubiri kuzolewa. Hajawahi kupigwa faini. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwona kuwa mwanasheria.

Kel alisikiliza, akajikuna tumbo, akatoa uamuzi. "Shemeji, kazi ndogo. Akija wa maegesho, mwonyeshe jiko. Akija wa majengo, mwonyeshe banda."

"Nitamjuaje, shemeji?"

"Wa maegesho anakuja kwa miguu. Wa majengo anakuja na gari."

"Na huyo wa majengo anaegesha wapi?"

Wote wawili wakatazama barabara. Kel akasema basi, ili wasikosee, banda liwe vyote viwili. Tena akauliza kwa nini wasifanye sosi Jumapili tu, maana Jumapili vibao vyote vinalala. Filomena alimtazama kama mtu aliyependekeza kutia sukari. Jumapili ndiyo siku ya kufungua chupa ya kwanza na kuonja. Utaonjaje Jumapili sosi unayoitengeneza Jumapili? Kel akaomba radhi.

Alhamisi ikafika. Mpango ulikuwa hivi: pipa, jiko la gesi, mashine na makasha ya chupa vitolewe vipangwe langoni, anayetazama kutoka kulia aone jiko. Corolla iingie ndani, anayetazama kutoka kushoto aone banda. Ukweli ukae katikati, halmashauri ijichagulie.

Tatizo ni kwamba Filomena hakuwahi hata siku moja kuingiza gari lile bandani. Kel alisimama mbele akimwongoza kwa mikono kama mtu anayepokea ndege, njoo, njoo, njoo, mpaka kioo cha pembeni kikabusu friza na Filomena akazima injini. Kulia kwake friza. Kushoto kwake madumu ya mvinyo. Akasukuma mlango, ukafunguka upana wa kisahani. Akasukuma wa pili, haukufika hata kijiko. Akataka kurudi nyuma, akatazama kioo, akaona Kel, kwa moyo wake wote wa kusaidia, ameshapita nyuma na kupanga pipa, jiko, mashine na chupa zote kwa ustadi mkubwa, zimeziba lango kutoka ukuta hadi ukuta.

"Shemeji," Filomena aliita kupitia dirishani, "toa hivyo vyombo."

Kel akainama kutoa. Na ndipo kengele ya mbele ilipolia.

Alikuwa Tevita Lolohea. Kwa miguu.

Kel alikwenda kuchungulia, akarudi mbio hadi langoni, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi kituo cha tramu: kwa miguu, shemeji, maegesho, jiko, sema jiko. Tevita alipopinda kona akakuta uwanja wa zege, safu ya vyombo vya kupikia vilivyopangwa kama mnadani, mzee mmoja aliyejifanya anatazama mawingu, na sauti ya bibi kutoka ndani ya Corolla gizani ikisema, "Karibu jikoni, baba."

Tevita akavua kofia. Akasalimia. Filomena akamuuliza, ili kuhakikisha, kama ametoka kitengo cha maegesho.

"Vyote viwili, mama. Mwenzangu wa majengo yuko likizo kisiwani Bali. Wiki hii nimebeba na kazi yake."

"Basi ni banda," akasema Filomena.

"Umesema jikoni."

"Nilisema karibu. Hayo mengine yalitoka yenyewe."

Tevita aliruka safu ya chupa kwa wepesi usiotarajiwa, akajipenyeza kati ya friza na gari ili apime ukuta kwa ukuta. Akafika usawa wa dirisha la Filomena na hapo akakwama. Hakusema kwamba amekwama. Alijaribu mbele kidogo, nyuma kidogo, kisha akaegemea friza kama mtu aliyeamua kupumzika. Wakawa wanatazamana, mmoja ndani ya gari na mmoja nje, hakuna anayeweza kwenda popote.

Alimwomba ashuke. Filomena akasema hashuki. Akamuuliza kwa nini. Akasema hawezi. Tevita akatazama mlango, akatazama friza, akatazama tumbo lake mwenyewe. Kitu kikamjia. Akashusha sauti, ile sauti ya mtoto anayempa mama yake siri ya ofisini.

"Sikiliza, mama. Banda ambalo dereva akiingia hatoki, kwetu halihesabiwi kuwa banda. Nitasema lilijengwa vibaya, halina vipimo, ni stoo tu. Vyombo vya kupikia viko nje, mimi sijaona jiko. Majengo hawana kesi. Maegesho watakupa kibali chako, na vya wageni juu yake. Wewe kubali tu kwamba lilijengwa vibaya."

Nyuma ya pipa, Kel alikuwa akitikisa kichwa juu na chini kama mjusi. Jumamosi ilikuwa imepona. Pipa lilikuwa limepona. Filomena alikuwa na haja ya kusema neno moja tu, ndiyo, na hata hilo angeweza kulipiga kwa honi.

Filomena alitazama ukuta wa Vincenzo kupitia kioo cha mbele.

"Nani kajenga vibaya?"

"Ni maneno ya kikazi tu, mama."

"Leta pima maji. Weka hapo. Ukuta huu haujapata ufa tangu kumwagwa msingi wake. Yale maghorofa yenu yalipasuka kabla watu hawajatundika mapazia, na yale mliyapigia muhuri."

"Mama, hakuna atakayelivunja. Ni neno moja."

"Neno hilo liseme kwenye banda la mama yako."

Kel alikuwa akipunga mikono yote miwili, akijikata shingo kwa kidole, akipiga magoti. Filomena alimwona vizuri kwenye kioo, akaendelea.

"Vincenzo alijenga banda la gari. Banda zuri. Gari limeingia, si unaliona? Na mimi nimo ndani."

"Basi ni banda," akasema Tevita, na alionekana kuumia kuliko yeye. "Na kama ni banda, kibali hakuna."

"Kisiwepo."

Kel aliweka paji la uso juu ya pipa akaliacha hapo.

Hasira zilipotulia ndipo hofu ilipoingia. Filomena akamuuliza Tevita, kwa sauti ndogo sasa, watu wake Jumamosi wafanye nini. Tevita akaeleza kwamba gari lolote, la mtu yeyote, linaruhusiwa masaa mawili. Yakiisha, liondoke. Likiondoka linaweza kurudi na kuanza upya. Kuondoka ni kwenda umbali gani? Tevita akakuna kidevu kwa kidole kimoja, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na nafasi. Kusogea hatua moja si kuondoka, hilo ana hakika. Kuzunguka mtaa mzima na kurudi, anadhani ni kuondoka.

"Unadhani?"

"Mama, hata sisi ofisini tunabishana."

Walimtoa Filomena kupitia buti la gari, Kel akivuta mkono na Tevita, baada ya kunasuliwa yeye mwenyewe kwa mafuta ya zeituni, akishika mguu. Alisimama kwenye zege, akajirekebisha gauni, akawauliza kama wanakunywa kahawa.

Domenic alipopata habari alipiga simu. Akauliza kama ameelewa sawa: alipewa kibali, akakikataa. Mama akasema alikataa tusi. Domenic akavuta pumzi. Akasema haya, waje, wajaribu hayo mazunguko yao. Lakini atakuja na pikapu, na ikitoka faini ya kwanza tu, moja, hata ya nani, anapakia pipa na kuondoka nalo Mernda. Wajomba waliunga mkono. Filomena alikwenda akanunua saa ya ukutani, kubwa, akaitundika nje kwenye mtini.

Jumamosi ile banda lilikuwa na gari ndani yake, kisheria kabisa, kwa hiyo sosi ikatengenezwa mbele, kwenye zege, mbele ya macho ya dunia. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao wadogo wa bei kubwa walisimama kutazama Wazappia wakiosha nyanya kwenye beseni la kuogea, wakizisaga, wakitia jani la mrehani kwenye kila chupa. Mmoja aliuliza kama ni maonyesho ya utamaduni na kama kuna kiingilio. Kel akataka kumtoza, akazuiwa.

Na kila masaa mawili yalipokaribia, Filomena aligonga sufuria kwa mwiko. Hapo kila mwenye gari aliacha kisu, akakimbia na aproni yake, nyanya hadi kwenye viwiko, na msafara ukatoka: Domenic mbele, wajomba nyuma, wakazunguka Hobley, wakapita kanisani, wakapita kwenye duka la baiskeli, wakarudi na kuegesha upya, kila mmoja mahali pa mwenzake. Kijana wa shahada mbili aliutazama msafara wa kwanza kutoka dirishani akavua kofia, akidhani ni mazishi. Tevita alikuwa zamuni. Alipita na chaki yake akichora alama kwenye matairi ili ajue gari lipi halijasogea, magari yakaondoka na alama zake, yakarudi, akachora tena. Hakuna aliyekuwa na hakika kama sheria imefuatwa au imedhihakiwa, Tevita mwenyewe akiwamo.

Mzunguko wa kwanza ukapita salama. Wa pili ukapita. Kisha wakala, mezani pakawa na mvinyo wa Vincenzo wa mwisho mwisho, na baba mdogo Saverio, ndugu wa marehemu, akala kama mtu aliyefungua swaumu, akanywa, akajilaza juu ya magunia nyuma ya mtini, akaondoka duniani kwa muda.

Filomena akagonga sufuria. Msafara ukatoka na kurudi. Pipa lilikuwa likichemka, mvuke kila mahali, watu wakapokezana chupa, na hakuna aliyehesabu magari. Domenic ndiye aliyeona. Alikuwa amesimama kwenye pikapu yake akitafuta kitambaa alipotazama mwisho wa mtaa na kuona gari la baba mdogo, Holden ya kijani, limekaa pale pale lilipokaa kabla ya chakula, na alama ya chaki imelala mahali pake kwenye tairi. Na Tevita alikuwa magari mawili nyuma yake, anainama, ananyanyuka, anakuja.

Filomena naye akaona. Akaona na mwanawe anaona. Mwiko ukabaki hewani. Domenic hakuwa na haja ya kufanya kitu chochote. Angekaa tu alipo, akajifutia mikono yake, na kabla maji hayajapoa pipa lingekuwa nyuma ya pikapu. Hata kulaumiwa asingelaumiwa, maana hakuna kosa katika kusimama.

Alisimama. Tevita akanyanyuka kutoka gari la kwanza.

"Shenzi huyu mzee," akasema Domenic, akaruka chini. Alifika nyuma ya mtini akampapasa Saverio mifukoni kama kibaka, Saverio akikoroma na kumwita kwa jina la mkewe, akazipata funguo, akakimbia. Filomena akamfuata na kandambili, mwiko mkononi. Alifungua mlango wa abiria na gari likiwa limeshaanza kusogea, akajitupa ndani. Tevita alikuwa ameinamia tairi. Tairi likaondoka mbele ya pua yake.

Walizunguka. Usukani wote ukawa mwekundu wa nyanya. Kanisani Domenic alikuwa bado anahema, na mama yake anatazama mbele, mwiko ukidondosha sosi kwenye magoti yake. Hakumuuliza kwa nini. Kuna maswali ambayo mama mwenye akili huyaacha yapite kama tramu iliyojaa.

Kwenye duka la baiskeli Domenic akasema, "Mwakani baba mdogo aje na tramu."

"Nitamwambia," akasema mama yake.

"Na mimi nitakuja na gari dogo. Ile pikapu haipindi vizuri hapo kanisani."

"Njoo na dogo."

Walipoingia Hobley nafasi ya Saverio ilikuwa imeshachukuliwa na gari la mmoja wa wale watu wa mbwa, nafasi nyingine hakuna, na Tevita amesimama katikati ya barabara na chaki yake, ameinamisha kichwa upande, anajaribu kukumbuka kama gari ambalo halijasimama linaweza kuwa limerudi. Domenic alimpungia mkono. Akazunguka tena.